Mara Alizoanguka Lucius

Wengi waliosali na Idella Crumpton miaka nenda rudi katika kanisa la Mlima Sayuni hawakujua kwamba aliwahi kuolewa na mtu aliyeandikwa magazetini. Walimjua kama mpishi mstaafu wa shule ya msingi, mama mrefu asiye na maneno mengi, ambaye mboga zake za kolardi humalizika kabla ya kuku. Na walijua kwamba nyumbani kwake mtu haruhusiwi kubangua pekani, zile njugu za ganda gumu. Hilo lilikuwa kichekesho cha mtaa mzima wa weusi pale Tolliver, maana Georgia ile kila ua una mpekani wake, na wa kwake ulizaa hadi matawi yakainama. Yeye aliziokota zote akawapelekea majirani.

"Bangueni huko huko kwenu," aliwaambia. Akitaka kupika pai, alinunua dukani zilizokwisha kubanguliwa.

Binti yake wa pekee, Vernice, aliwahi kumwuliza sababu alipokuwa mdogo. "Kelele," Idella akajibu, na mazungumzo yakaishia hapo.

Lucius Crumpton alimpata akiwa msichana wa kupiga pasi nguo za Wazungu. Alikuwa mchezaji wa timu ya wafanyakazi wa kiwanda cha matofali, weusi watupu, na Jumapili baada ya ibada mji wote wa weusi ulikwenda kuwatazama wakicheza besiboli kwenye uwanja wa udongo mwekundu. Siku ya kwanza Idella alikwenda kwa sababu ya karanga za kuchemsha. Lucius aliudaka mpira mbele yake, akaanguka karibu kabisa na miguu yake, akainua kichwa na kusema, "Dada, nigawie moja, nimefanya kazi."

"Karanga zangu si mshahara wako," Idella akamwambia.

Wakaoana majira ya baridi yaliyofuata.

Kisha ukaja mwaka wa hamsini na tatu. Timu ya Wazungu ya mji ule, waliyoiita Millers, ilikuwa ikicheza katika ligi ndogo ya kusini, na viti vilikuwa vitupu. Mwenye timu alikuwa mtu wa hesabu. Alikwisha kusikia kwamba kaskazini weusi walikuwa wakiruhusiwa kucheza na kwamba watu walijaa kuwatazama. Akatuma mtu kiwandani, akamchukua Lucius. Ligi ile haikuwahi kumwona mweusi tangu ianzishwe.

Alicheza kiangazi kimoja, tena hakikwisha. Basi la timu liliposimama kwenye mikahawa, yeye alibaki ndani akaletewa mkate wa kufungwa kwenye karatasi. Wenzake walipolala hotelini, yeye alilala kwa mchungaji, au kwa mwalimu, na mji mmoja alilala kwa mtengeneza majeneza. "Palikuwa na utulivu," alimwambia Idella aliporudi. "Majirani hawakorofishi." Siku moja katika mji wa ugenini mtu aliweka mahali pake uwanjani sanduku la kung'arishia viatu, kazi waliyoona ndiyo ya weusi. Lucius alilisogeza kwa mguu taratibu hadi nje ya mstari, kama mtu anayempisha mtoto, akaendelea na mchezo. Majina aliyokuwa akiitwa na watu wa majukwaani, Idella hakuwahi kuyarudia kwa kinywa chake.

Mechi iliyommaliza ilichezwa nyumbani, Tolliver, mwezi wa nane, jua la mchana. Weusi walikaa kwenye jukwaa lao la mbao mwisho wa uwanja, nyuma ya wavu wa chuma, na geti la wavu lilifungwa kwa mnyororo na kufuli hadi Wazungu wamalize kutoka. Ilipofika zamu ya Lucius kupiga, mrushaji wa timu ngeni alirusha mpira wake wa kwanza moja kwa moja kichwani mwake. Siku zile hawakuvaa kofia ngumu. Idella aliisikia ile sauti kutoka mbali kote kule, kavu, fupi, ya ganda linalopasuka. Lucius akaanguka kifudifudi.

Idella akakimbilia kwenye wavu. Akaushika kwa vidole kumi, akatikisa geti, akamwita mlinzi. Mlinzi akageuza uso. Upande wa Wazungu kulikuwa na waliokuwa wakicheka na kulikuwa na waliokuwa kimya. Kisha Lucius akajiinua mwenyewe, goti moja, halafu la pili, akajipangusa vumbi, akatembea hadi kituo cha kwanza, kama sheria inavyompa aliyepigwa, bila kumtazama mtu. Alicheza hadi mwisho. Daktari wa timu alimmulika macho akasema yuko sawa.

Usiku ule Lucius alimwita Idella kwa jina la mama yake mwenyewe.

Hakucheza tena baada ya mwezi ule. Alirudi matofalini, mikono ikaanza kutetemeka, mwanga ukawa unamuumiza hata akawa anakaa chumbani na blanketi dirishani. Vernice alipokuwa na miaka minne, Idella alirudi kutoka kazini akamkuta Lucius amekaa ngazi za nyuma, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, ameegemea nguzo. Alidhani amesinzia.

Basi miaka arobaini baada ya mechi ile, watu waliotaka kutengeneza filamu ya Lucius walipobisha hodi, Vernice ndiye aliyewakaribisha na kuwapa chai ya barafu, huku mama yake akikaa pembeni kama mgeni. Mwongozaji alikuwa Mzungu mwenye ndevu za mvi aitwaye Pruitt. Alisema nchi nzima inamjua yule mchezaji mweusi wa kwanza wa kaskazini, lakini hakuna anayewajua wale waliofungua milango midogo huku kusini, ambako mlango ulikuwa mzito zaidi. Alizungumza vizuri. Vernice alikuwa na machozi.

"Bi. Crumpton, kuna jambo lolote ungependa?" Pruitt akauliza. "Tutakuwekea kiti karibu na kamera, kivulini."

"Nataka kukaa pale nilipokuwa nimekaa," Idella akasema.

Wakamvalisha gauni la maua na kofia ya zamani, wakamketisha kwenye jukwaa la mbao lililojengwa upya, kati ya waumini wa Mlima Sayuni waliokuja kulipwa posho ya siku kwa kukaa tu. Pembeni yake alikaa rafiki yake Earline, ambaye hakuacha kulalamika.

"Shoga, hii kofia wameniwekea ni sufuria. Na huu mkanda, nani alikuwa anapumua mwaka hamsini na tatu?"

"Hakuna," Idella akasema.

Earline alicheka peke yake. Halafu akamtazama mwenzake vizuri, akaacha.

Upande wa pili waliketi Wazungu wa kukodiwa, wengi wao vijana wa chuo, waliofundishwa nini cha kupiga kelele. Mara ya kwanza sauti zao zilitoka kinyonge. Vijana wale waliona haya kulitamka tusi lenyewe. Pruitt akawafokea kwa kipaza sauti, "Kwa moyo! Mnamchukia huyu mtu! Kwa moyo!" Wakajikaza. Katikati ya makelele yao ikasikika sauti moja iliyokuja bila kuvutwa, laini, imezoea njia. Idella akageuka. Alikuwa mzee wa kofia ya kijani, amekunja nne, hata jasho hana.

Walipopumzika, mmoja wa vijana alivuka uwanja mzima na chupa ya maji mkononi.

"Bibi, samahani sana. Ni kazi tu. Mimi siyo hivyo."

"Najua, mwanangu. Unajitahidi, lakini kuchukia hujui." Idella akapokea maji. "Yule wa kofia ya kijani ndiye anajua. Yeye usimfundishe."

Kijana akageuka kumtafuta kwa macho, akamwona, akarudi kwao polepole akaenda kukaa kiti cha mbali naye.

Aliyeigiza kama Lucius aliitwa Kendrick Foy, kijana wa Chicago, mzuri wa sura kupita kiasi, mwenye adabu. Asubuhi alikuja kumwamkia Idella, akainama na kuvua kofia. Uso wake haukumsumbua Idella hata kidogo. Kilichomsumbua ni mgongo. Kijana alipogeuka kurudi uwanjani na jezi ya kijivu, bega la kulia limeshuka kidogo kuliko la kushoto, kama alivyofundishwa, Idella alijikuta amemshika Earline mkono hadi mwenzake akalia, "Shoga, kucha!"

Mpira wa kumpiga ulikuwa wa sifongo. Sauti itatiwa baadaye, walimweleza. Basi mrushaji akarusha, sifongo likagusa kofia ya Kendrick bila mlio wowote, na Kendrick akaanguka. Uwanja mzima ulikuwa kimya, na Idella akaisikia ile sauti. Hakuhitaji kutiliwa.

"Tunarudia," Pruitt akasema.

Jua halikukaa sawa. Wakarudia. Akaanguka vibaya. Wakarudia. Ndege ikapita juu. Kila mara walimpangusa vumbi, wakampaka poda, wakamsimamisha pale pale, na kila mara mpira ukaja, na Idella akaisikia, na Lucius akaenda chini. Kwa miaka arobaini alikuwa amemwona akianguka mara moja tu, mara moja ile ile, na alikuwa ameshajifunza kuishi nayo kama mtu anavyoishi na jirani mbaya. Sasa walikuwa wakimletea wengine. Huyu aliangukia ubavu. Huyu alinyoosha mkono. Huyu alitoa mguno ambao Lucius hakuutoa, au labda aliutoa, nani angejua kutoka mbali vile?

Idella akainuka.

"Unaenda wapi?" Earline akanong'ona. "Wanapiga picha! Idella!"

Alishuka ngazi za jukwaa hadi kwenye wavu. Walikuwa wamelijenga geti kama lilivyokuwa, na mnyororo wake, na kufuli kubwa jeusi. Akaweka mkono kwenye kufuli. Halikuwa limefungwa, lilining'inizwa tu kwa ajili ya kamera. Mnyororo ukaporomoka chini.

Akaingia uwanjani. Kijana mmoja wa kazi alitaka kumkimbilia, lakini Pruitt akainua mkono kumzuia. Mama yule mrefu alikwenda bila haraka kwenye majani, gauni la maua likimpiga miguuni, akapita wachezaji wa Kizungu wenye jezi za zamani, ambao walimpisha mmoja mmoja. Alipofika alipiga magoti kwa shida, akapitisha kiganja chini ya kichwa cha Kendrick.

Kijana akafumbua macho. "Mama, niko mzima," akasema kwa sauti ndogo. "Ni mimi, Kendrick."

"Nyamaza. Lala."

Akalala.

"Usiinuke," Idella akamwambia, akimfuta vumbi kwenye paji la uso. "Usiwainukie hawa. Waache waone umeumia. Lala hapo hapo, Lucius, hata mpaka kesho. Mimi nipo."

Kendrick Foy alikuwa kijana mwenye akili. Hakutikisika, isipokuwa machozi yaliyomtoka pembeni yakaingia masikioni. Upande wa Wazungu hakuna aliyekohoa. Mwishowe Idella akapumua, akatazama huku na huku kama mtu aliyeshushwa kituo kisicho chake, akasema, "Haya, mwanangu. Niinue, magoti yangu yameisha."

Jioni Pruitt alimfuata kwenye gari la Vernice. Alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili.

"Bi. Crumpton, kamera zilikuwa zinaendelea. Nimefanya kazi hii maisha yangu yote na sijawahi kupata kitu kama kile. Nakuomba ruhusa nikitumie."

"Hapana."

"Mama, fikiria kwanza," Vernice akasema.

"Siku ile sikumfikia," Idella akamwambia Pruitt. "Ukionyesha nimemfikia, utakuwa umewadanganya watu."

Pruitt akatazama kofia yake. "Kusema kweli, tumebadilisha mambo mengine pia. Kwenye filamu anainuka, halafu mwisho wa mechi anaupiga mpira unapita ukuta."

"Nimesikia. Huo uongo ni wenu. Ule mwingine ungekuwa wangu."

Pruitt aliheshimu neno lake, kipande kile hakukitumia. Filamu ilipotoka, mji mzima ulikwenda kuitazama kwenye sinema mpya ya barabara kuu, weusi kwa Wazungu wamechanganyika kwenye viti vyekundu, na bisi zao mapajani. Idella alikaa katikati ya Vernice na Earline. Sauti ya ule mpira, ilipofika, ilikuwa nzito, kama mlango wa ghala unaofungwa. Walikuwa wamekosea kabisa, naye akashukuru. Lucius wa kwenye pazia akainuka. Akapiga mpira, tarumbeta zikalia, ukapaa, ukapotea juu ya taa. Watu wakasimama wakipiga makofi, Earline akipiga kuliko wote. Halafu maneno yakatokea kusema kwamba alifungua mlango. Hapakuwa na blanketi dirishani, wala ngazi za nyuma.

Na hapo ndipo balaa lilipoanza. Tangu alipofariki, Lucius alikuwa na desturi ya kumjia. Hakuja kwa kutisha. Idella akiwa anaosha vyombo angemhisi mlangoni, akigeuka asione mtu, lakini uso wake angekuwa ameuona. Wiki ile baada ya sinema alimhisi, akageuka, na uso uliomjia ulikuwa wa Kendrick Foy. Akafumba macho kumtafuta wa kwake. Akaja Kendrick. Ndotoni, Kendrick. Bango lake lilikuwa limebandikwa kila ukuta wa Tolliver, kwa kinyozi, benki, hata ukumbi wa kanisa. Picha ya Lucius iliyobaki ilikuwa moja, ya timu ya kiwandani, na kivuli cha kofia kilikuwa kimemla uso wote hadi kidevuni.

Aliacha kula vizuri. Vernice alipombana sana, akasema, "Wamenichukulia sura yake. Nilikuwa nimebakiwa na hiyo tu."

Vernice hakuwa na la kufanya. Yeye hakumkumbuka baba yake. Alichoweza ni kuuliza huku na huku ni nani wa timu ya matofali aliye hai bado, akaambiwa yupo mmoja, Hosea Mabry, anatunzwa katika nyumba ya wazee huko Macon. Jumamosi akampakia mama yake garini.

Hosea alikuwa amekaa kwenye kiti cha magurudumu karibu na dirisha, mwili umemwisha lakini ulimi haujaguswa. Alipomwona Idella akapiga kelele hadi muuguzi akachungulia.

"Idella wa karanga! Kumbe hujafa?"

"Ningekufa ungeletewa habari, wewe mmbeya."

"Nimeiona ile filamu yenu. Wametuwekea hapa ukumbini." Akatikisa kichwa. "Yule kijana mzuri mno! Nikasema, huyu ni nani? Lucius alikuwa hivi lini? Lucius wetu alikuwa na masikio kama milango ya gari iliyoachwa wazi! Tulikuwa tunamwambia asikimbie kwenye upepo, atapaa."

Idella akaanza kucheka, kwanza kwa pumzi tu, halafu kwa sauti, kicheko ambacho Vernice hakuwahi kukisikia maishani mwake.

"Na lile jino," akasema. "Hosea, lile jino!"

"Lililompanda mwenzake! Ndiyo maana alikuwa akicheka anajifunika mdomo, utadhani bibi harusi."

Wakaendelea hivyo, wakimjenga kipande kwa kipande, kovu la nyusi, shingo fupi, namna alivyopepesa macho akidanganya, na Vernice amekaa kati yao akimpokea baba yake kwa mara ya kwanza. Kisha Hosea akatazama dirishani kidogo.

"Aliwahi kukwambia kwa nini aliinuka siku ile?"

"Alikuwa na kiburi. Hakutaka kuwafurahisha."

"Kiburi? Lucius?" Mzee akamgeukia. "Sisi tulikuwa tumekaa nyuma yako, tulikuona ulivyokuwa unautikisa ule wavu. Wiki ile ile nilimwuliza, ndugu yangu, kwa nini hukulala tu wakubebe? Akaniambia, pale chini nilifumbua macho, nikamwona mke wangu ameanza kuupanda wavu. Nikasema nikikaa hapa sekunde moja zaidi atauvuka, na wakimkuta upande huu watamuua. Ndiyo nikainuka."

Idella hakukumbuka kuupanda wavu. Alitazama viganja vyake, akavigeuza, kana kwamba alama zingekuwapo bado.

"Alinionea mimi huruma," akasema.

"Alikuogopea wewe. Hao wengine hata hakuwaona."

Njiani kurudi Idella alitazama mashamba yakipita hadi walipokuwa wanakaribia Tolliver. Hapo akasema, kama anayeongea na kioo cha gari, "Na mimi nimekwenda kumwambia asiinuke." Vernice alipunguza mwendo, akangoja.

Idella bado anaishi katika nyumba ile. Lucius bado anamjia, mara nyingi jioni, wakati wa vyombo. Siku nyingine anakuja na uso wake, masikio na jino na vyote, na siku hizo Vernice akipiga simu anamkuta mama yake mchangamfu. Siku nyingine anakuja yule wa Chicago. Idella hamfukuzi. Anamwambia avute kiti, atulie, mwenye nyumba yuko njiani.